Macho ya Shemeji na Barua Thelathini na Mbili

Mpaka leo nikimwona Bi Muhuri anakatiza barabara na mkoba wake mweusi, namwacha mteja hapo hapo, natoka dukani na kumsalimia kwa mikono miwili. Majirani wanacheka. Wanasema Mama Kopi anajipendekeza kwa wenye ofisi. Waseme. Hawajui mwanamke yule alinifanyia nini, na wanaojua nusu wameshatia chumvi zao. Nimeona niieleze mwenyewe, hiyo chumvi niitie mimi.

Duka langu linatazamana na geti la Kitivo cha Biashara. Ni chumba kimoja chenye mashine mbili za fotokopi, moja ya kutolea kopi na moja iliyokufa ya kuwekea vitu, kompyuta moja, na benchi la mbao. Benchi ndilo duka lenyewe. Mwanafunzi akikaa pale dakika tano kusubiri kopi zake, nimeshajua amepanga wapi, anakula mara ngapi kwa siku, na kwa nini haongei tena na yule waliyekuwa wakishikana mikono mwezi uliopita. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini kwenye habari za watu ningekuwa profesa.

Nyumbani kwangu nako hapapungui watu. Vyumba vitatu, vichwa tisa, na sufuria haijawahi kukauka. Mmoja wa hao tisa ni shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Alikuwa akichomelea vyuma, na mtaa mzima unamwita Fundi. Ukitoka kwangu mpaka barabara kuu, mageti kumi na manne yametoka mikononi mwake. Macho yake yalianza na ukungu. Akasema ni vumbi, akanawa, akaendelea na kazi. Siku moja akaniuliza mbona hatujawasha taa. Ilikuwa saa sita mchana.

Binti yake ni Meneja. Nimemlea tangu dada alipofariki, na jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, kwa jinsi alivyokuwa akipanga zamu ya kuoga: wewe wa kwanza, wewe wa pili, mama mdogo wewe wa mwisho maana ukiingia unaimba. Kwa hiyo alipochaguliwa kusoma uhasibu pale pale ng'ambo ya barabara, hakuna aliyeshangaa. Kilichotutoa jasho ni ada.

Kitivo kina mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wenye shida. Unaandika barua kueleza hali yako, kamati inakaa, inaamua. Mwaka ukiisha unaomba upya. Mwaka wa kwanza Meneja aliandika barua yake mwenyewe, akaniletea niichape. Ilikuwa kavu kama risiti. "Baba yangu amepoteza uwezo wa kuona na hana kipato."

"Mwanangu," nikamwambia, "hii ni barua au tangazo la kukatwa maji?"

"Si ndiyo ukweli wenyewe, mama mdogo?"

"Ukweli huu haujaoga. Nipishe kiti."

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikaandika hivi: Baba yangu ametengeneza mageti ya mtaa mzima. Leo akifika kwenye geti la kwake mwenyewe analipapasa kama mgeni, hajui kitasa kiko upande gani. Nilipomsomea Fundi, akasema, "Kitasa kiko kushoto. Lakini iache hivyo hivyo, imekaa vizuri."

Meneja akapata msaada. Nikampigia Fundi vigelegele peke yangu, maana mwenye barua alikuwa ameshakwenda darasani.

Sasa dhambi yangu ilianzia hapa. Mtu akifanikiwa, benchi linajua. Wa kwanza kuja alikuwa binti mmoja mwembamba niliyekuwa nikimwita Daftari Moja, kwa sababu masomo yote sita aliyaandika kwenye daftari hilo hilo, hesabu mbele, sheria nyuma, mengine yakikutana katikati. "Mama Kopi," akasema kwa sauti ya chini, "niandikie na mimi kama ya Meneja." Yule nilimwandikia kwa moyo. Nikabadilisha maneno, nikaweka ya kwao. Mwaka wa pili wakaja wanne, nao nikawabadilishia kidogo. Mwaka wa tatu wakaja kama siafu, Daftari Moja naye humo. Mimi nina mashine inapiga kelele, simu inaita, mtu anataka kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nikaihifadhi ile barua kwenye kompyuta, nikaipa jina Barua Nzuri. Mtu akija naitoa, anaandika jina lake, anasaini, anakwenda. Kichwani mwangu niliiona kama shati dukani. Shati moja huvaliwa na watu mia, na hakuna aliyewahi kuitwa mwizi kwa kuvaa shati la kijani.

Nilisahau kwamba mashati yale yote yalikuwa yanakwenda kutundikwa kwenye chumba kimoja, mbele ya watu wale wale.

Majibu yalitoka Jumatatu. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Meneja. Bila msaada ule asingeruhusiwa kufanya mitihani, na miaka miwili ya nyuma ingekuwa ya bure. Saa tatu asubuhi duka langu likajaa. Kila mmoja ana karatasi, kila mmoja anataka kopi tatu. Nikafurahi! Nikasema leo siku imefunguka. Kopi ya kwanza, ya pili, ya tano, mkono unakwenda wenyewe. Kwenye ya sita ndipo macho yangu yakaanguka juu ya maneno: Maombi yako yamekataliwa. Maelezo yako yamenakiliwa kutoka kwa mwombaji mwingine. Una siku tatu za kukata rufaa. Atakayethibitika kudanganya atapelekwa kamati ya nidhamu.

Nikaangalia ya saba. Maneno yale yale. Ya nane. Yale yale.

"Mama Kopi," akasema kijana mmoja wa miwani aliyekaa kwenye benchi, "eti kamati inashangaa. Baba zetu wote ni vipofu, na wote walikuwa wanatengeneza mageti."

"Na wewe hukubadilisha hata fani?"

"Si ulisema ipo tayari?"

"Hebu ngoja. Baba yako si yule aliyeegesha gari mlangoni kwangu juzi, akanizibia wateja mpaka mchana?"

"Ndiye. Lakini siku hizi mambo yamekaza, Mama Kopi."

"Yamekaza! Lile gari lina viti vya ngozi, mimi sofa yangu ina viraka!"

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, mdomo tu. Ndipo Meneja akaingia. Hakusalimia mtu. Akaweka karatasi yake juu ya meza, na juu ya karatasi akaweka hela ya kopi tatu. Mtoto yule hajawahi kunilipa maisha yake yote.

Yeye barua alikuwa anarudia ile ile ya kwanza kila mwaka, anabadilisha tarehe. Kwa nini asirudie? Ilikuwa yake.

"Mama mdogo," akasema, na wote wakasikia, "macho ya baba ulikuwa unayauza bei gani kwa ukurasa?"

Hata mashine ikanyamaza. Nina hakika karatasi zilikuwa zimeisha tu, lakini ndivyo nilivyoisikia.

Nikafunga duka. Jioni ile nyumbani, Meneja akakaa kibarazani kanipa mgongo, na ikabidi mimi ndiye nimweleze Fundi, maneno yakinitoka moja moja. Nikafikiri atanifukuza kwenye nyumba yangu mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Umesema wangapi?"

"Thelathini na mmoja. Na Meneja thelathini na wawili."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. "Kumbe nina watoto thelathini na wawili," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyepita kunijulia hali!" Nikaona mgongo wa Meneja nao unatikisika kidogo kule kibarazani. Kisha Fundi akafuta mdomo. "Kesho tunakwenda kwa huyo mwenye mihuri. Wewe umekosea, utasema umekosea. Mimi nakwenda kama kielelezo."

Bi Muhuri ndiye msimamizi wa ule mfuko. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu mezani kwake pana mihuri miwili isiyoguswa na mtu mwingine: wa wino, wa barua za kila siku, na wa chuma, ule wa kubana karatasi mpaka alama inatuna, ambao ni wa vyeti pekee. Walikuwa wakisema hata mume wake hatoki nyumbani bila kugongwa muhuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyeusambaza utani huo, na asubuhi ile niliujutia.

Tulikwenda watatu. Meneja alimshika baba yake mkono. Mimi nilibeba kompyuta ya dukani, lile sanduku lenyewe, nimeifunga kwenye shuka kama mtoto, ili nionyeshe tarehe ya kwanza niliyoiandika barua ile. Mlinzi wa getini akaniuliza kama nahama.

Bi Muhuri ni mwanamke mdogo wa umbo, miwani yake ina kamba. Alitutazama mmoja mmoja, akatuonyesha viti.

"Mama," nikaanza, "zile barua thelathini na mbili nimeziandika mimi. Wale watoto kosa lao ni uvivu, na uvivu huo nimewauzia mimi. Lakini huyu hapa hana kosa. Barua ni yake. Baba ndiye huyu."

"Mama Kopi," akasema, na nikashtuka kwamba ananijua, "kila mmoja wa hao thelathini na wawili ataniambia barua ni yake. Kamati inakaa kesho saa nne. Mkuu wa kitivo anataka zote zitupwe. Mhasibu anataka zote zitupwe. Mimi nina kura moja. Nipe kitu cha kushika mkononi."

Nikafungua shuka kwa madaha, nikaweka kompyuta mezani.

Akaitazama. "Na kioo chake?"

Kioo kilikuwa dukani. Meneja akafunika uso kwa viganja viwili.

"Mama mdogo," akasema humo ndani ya viganja, "mama mdogo jamani."

Bi Muhuri hakucheka, ingawa shavu lake moja lilifanya kazi kubwa. Akasema, "Barua ya mwaka wa kwanza ingepatikana, yenye tarehe na muhuri wangu, ingenitosha. Wakati ule hakuna mwingine aliyekuwa ameandika maneno hayo. Lakini iko kwenye droo ya tatu ya kabati lile, na droo ya tatu haijafunguka tangu tuhamie jengo hili. Nimeomba fundi mara nne. Wanasema hakuna fungu."

"Umesema fundi?" akauliza shemeji yangu.

Akasimama. Meneja akampeleka kwenye kabati, kabati la chuma la kijivu lenye droo nne. Fundi akalipapasa kuanzia juu, taratibu, kama daktari anavyompapasa mgonjwa tumbo. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Akagonga chini zaidi.

"Mama, hebu vuta kidogo. Basi. Vuta tena. Basi, basi." Akatikisa kichwa. "Hili halijaharibika. Walipolihamisha walilibeba limelala. Reli ya kushoto imeruka kutoka kwenye gurudumu lake. Kila mkivuta kwa hasira mnazidi kulibana. Naomba rula ya chuma."

Akapewa rula. Akaiingiza pembeni, akaweka goti chini ya droo, akainua, akatulia, akasukuma ndani badala ya kuvuta nje. Kitu kikalia ta! Droo ikachomoka yote ikampiga tumboni, na vumbi likatupaka sote.

"Pole, Fundi!" Bi Muhuri akaruka kutoka kitini.

"Hii imenipokea vizuri," akasema. "Nyingine huwa zinalenga meno."

Bi Muhuri akapiga magoti pale sakafuni, akapekua. Faili baada ya faili. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua, na kwangu hilo ni jambo kubwa kwa kuwa na kusema niliacha. Akaitoa. Karatasi yangu, herufi za mashine yangu, na ule mstari mweusi pembeni ambao mashine yangu huutia kila kopi nikidai ni urembo. Juu yake muhuri wa wino, tarehe ya miaka miwili nyuma. Akaisoma kwa sauti, hapo hapo akiwa amepiga magoti: "Analipapasa kama mgeni, hajui kitasa kiko upande gani." Akainua macho akamtazama Fundi, ambaye mkono wake ulikuwa bado umeshika mpini wa droo.

"Kiko kushoto," Fundi akasema. "Hapo shemeji alitia chumvi."

Safari hii Bi Muhuri alicheka. Ana kicheko kikubwa kuliko yeye.

Akarudi kitini, akaiweka barua ile mbele yake, kisha akanigeukia. "Hawa thelathini na mmoja waliobaki. Benchi lako linawajua kuliko kamati yangu. Nani kati yao ana shida kweli, na nani ananichezea?"

Ndugu zangu, maisha yangu yote hakuna mtu mwenye ofisi aliyewahi kuniomba umbea. Nilikuwa nao mwingi, umepangwa, umeiva. Nikafungua mdomo nianze na viti vya ngozi. Nikamwona Meneja ananitazama. Nikaufunga.

"Mama, niliwasemea mara moja, unaona nilipowafikisha. Waite, wakae hapa mbele yako, waseme wenyewe. Na atakayeongea vibaya usimtupe haraka. Wenye shida kubwa kwenye benchi langu ndio wanaoongea kidogo." Nikanyamaza, nikashindwa kunyamaza. "Ila kuna binti mmoja ana daftari moja. Hatakata rufaa. Ameogopa hiyo nidhamu, jana nimesikia anafungasha. Mtumie mtu."

"Si umesema huwasemei?"

"Huyo simsemei. Namwitia tu."

Nikamtajia jina, akaliandika kwenye karatasi, akampigia mlinzi simu mbele yetu.

Kamati ilikaa siku mbili badala ya moja. Bi Muhuri ndiye aliyeishikilia. Nimesikia kwa mhudumu wa chai kwamba mkuu wa kitivo alitazama saa mara kumi na moja, na yeye kila mara alimwita mwanafunzi anayefuata. Dakika tano tano, kila mmoja kwa mdomo wake. Mimi nilikaa nje ya ukumbi, nimewabebea maji. Kijana wa miwani aliingia akatoka upesi.

"Umesemaje?"

"Ukweli."

"Upi?"

"Kwamba baba ana gari." Akafikiri kidogo. "Na kwamba nilitaka hela ya simu mpya. Wamesema sipati kitu, lakini nidhamu wamenisamehe. Mama Kopi, nimejisikia mwepesi, sijui kwa nini."

"Kunywa maji," nikamwambia.

Waliopata ni kumi na tisa. Daftari Moja yumo. Alirudishwa kutoka stendi, begi lake mkononi. Wawili ambao mimi ningewapa nusu ya duka langu hawakupata, fungu lilikuwa limeisha. Mmoja aliahirisha mwaka, sasa anauza vocha za simu pale kona. Hunisalimia vizuri kabisa. Mimi ndiye ninayeshindwa kumtazama sawasawa.

Na mimi nilipewa hukumu yangu. Nilirudi kwa Bi Muhuri na kompyuta yangu, safari hii na kioo, nikaifuta Barua Nzuri mbele yake. Akanikataza kuandika barua ya mwanafunzi yeyote. Kopi nitoe, kalamu niuze, benchi libaki. Akija mtu kuniomba nimwandikie, namwambia kaa, nieleze mimi kwanza. Akimaliza kunieleza nampa karatasi tupu: haya, andika hayo hayo.

Barua ya Meneja aliileta nyumbani Ijumaa, bahasha haijafunguliwa. Vichwa vyote tisa vilikuwepo sebuleni, na majirani wawili waliopita kuazima kibiriti na wakasahau kuondoka. Akafungua. Akasoma mstari wa kwanza, akaja akanikumbatia mimi kabla ya baba yake. Tangu Jumatatu ile hakuwa amenigusa. Sitaeleza nililia vipi, majirani wameshaeleza.

"Haya, na mimi nipeni niisome," akasema Fundi.

Tukampa. Akapitisha vidole juu ya karatasi kwa mzaha, kama msomaji kweli. Alipofika chini, vidole vikasimama. Vikarudi. Vikazunguka, duara, polepole.

"Hiki nini?"

Meneja akainama kutazama. "Muhuri wa chuma, baba." Akashangaa mwenyewe. "Lakini huu hauwekwi kwenye barua za ada. Ni wa vyeti tu. Zangu zote za nyuma zina wino."

Fundi akaendelea kuuzungusha kidole kwenye zile herufi zilizotuna, kwa muda mrefu, na nyumba ile yenye watu kumi na mmoja ikatulia ikimngoja.

"Ameubana kwa nguvu," akasema mwishowe. "Ana mkono mzuri, yule mama." Akaikunja barua, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, na hakumrudishia mwenyewe mpaka wiki ya pili. "Meneja, kabati lake lina droo nne, na sisi tumefungua moja. Jumatatu utanipeleka nikazikague zilizobaki."